Teknolojia: Mashine zinazopatana bila shefu, na zinazonyamaza mpaka kuwe na jipya

Kila asubuhi, kambiste wa Bukavu, Goma, Butembo na Bunia wanapanga mafungu ya franka juu ya meza zao ndogo bila mtu yeyote kuwatangazia bei ya dola. Ni kweli Benki Kuu ya Congo inatoa kiwango chake, lakini bei ya barabarani ina njia yake. Wa sokoni anamwuliza jirani. Jirani amekwisha kupigiwa simu na mwenzake wa upande mwingine wa mji, ambaye naye amesikia kwa mfanyabiashara aliyetoka kununua bidhaa. Kufikia saa sita, mji mzima unabadilisha kwa bei moja, ama kwa bei zinazopishana kwa franka chache tu. Hakukuwa na mkutano wala shefu.

Watafiti wa uhandisi wanaliita jambo hilo mapatano. Kwa zaidi ya miaka 20 wamekuwa wakifundisha droni, roboti, mitambo midogo ya umeme na vifaa vya kupima mtikisiko wa ardhi kufanya kile ambacho kambiste wanafanya bila kusomea. Swali linalowashughulisha siku hizi si tena kama mashine zinaweza kupatana. Hilo limekwisha kujibiwa. Wanataka kujua zinaweza kupatana kwa maneno machache kiasi gani, maana kila neno lina bei yake: linakula betri, linajaza rezo, na kwa mtu wa mashariki mwa Congo anayenunua unite kila siku, bei hiyo haihitaji maelezo.

Robo ya tofauti

Hesabu yenyewe si mpya. Mwaka wa 1974, mtaalamu wa takwimu wa Marekani, Morris DeGroot, alichapisha makala fupi kuhusu kundi la watu wenye maoni tofauti, ambapo kila mmoja anarekebisha maoni yake kwa kuangalia ya wenzake. Alionyesha ni katika hali gani kundi hilo litafika kwenye maoni mamoja. Wahandisi walikuja baadaye. Mwaka wa 2003, Ali Jadbabaie, Jie Lin na Stephen Morse walieleza kwa hesabu kwa nini vitu vingi vinavyotembea vinaweza kuelekea upande mmoja hata kama kila kimoja kinaona majirani wake tu, kama ndege wanaoruka kwa kundi. Mwaka uliofuata, Reza Olfati-Saber na Richard Murray walitoa makala ambayo mpaka leo ni vigumu kukuta andiko la fani hii lisiloitaja.

Namna inavyofanya kazi inaweza kuonekana kwa mfano wa kambiste wanne waliokaa kwenye mstari mmoja wa barabara. Wa kwanza anabadilisha dola moja kwa franka 2800, wa pili 2820, wa tatu 2860, wa nne 2880. Kila mmoja anasikia bei ya aliye kando yake tu. Kanuni ni moja kwa wote: sogeza bei yako kwa robo ya tofauti iliyopo kati yako na kila jirani. Baada ya mzunguko wa kwanza bei zinakuwa 2805, 2825, 2855 na 2875. Baada ya wa pili, wa kwanza amefika 2810 na wa nne ameshuka mpaka 2870. Ukiendelea hivyo, wote wanne wanakaribia 2840, ambayo ndiyo bei ya katikati ya zile nne za mwanzo. Wa kwanza hakuongea hata mara moja na wa nne, wala hakuna aliyejua kwamba wote pamoja ni wanne.

(Kambiste wa kweli hatasogeza bei kwa robo ya kitu chochote, anatafuta faida. Mashine haina faida ya kutafuta, na hapo ndipo mfano huu unapoishia.)

Sharti kubwa ni kwamba mnyororo usikatike. Mawasiliano kati ya wa pili na wa tatu yakikatika tangu mwanzo, kutakuwa na bei mbili, 2810 upande mmoja na 2870 upande mwingine, na kila upande utaamini kwamba umepatana. Wakaaji wa maeneo ambako barabara ama rezo hukatwa kwa majuma wanaijua hali hiyo vizuri kuliko mwanafunzi yeyote wa uhandisi.

Saa ama tukio

Mifumo ya kwanza ilifuata saa. Kila kifaa kilitangaza hali yake kila baada ya muda fulani, mara nyingi mara kadhaa kwa sekunde, kuwe na jipya kusiwe na jipya. Ni kama kambiste anayempigia mwenzake kila dakika kumwambia: "Bado 2840." Kabla ya mchana unite zimekwisha, simu imezimika, na mwenzake ameacha kupokea.

Kwa kifaa kidogo kinachoishi kwa betri juu ya mlima ama ndani ya shamba, hilo si jambo la kuchekesha. Kutuma ujumbe kwa redio kunakula nishati nyingi kuliko kufikiri. Nishati ya kurusha ujumbe mfupi kwa umbali wa mita mia inaweza kutosha kifaa hicho hicho kufanya mamilioni ya hesabu ndani yake. Kwa hiyo ni afadhali kifaa kihesabu sana na kiseme kidogo.

Kanuni mpya inakitaka kifaa kikumbuke jambo moja: kile ilichowaambia wenzake mara ya mwisho. Kila wakati kinalinganisha neno hilo na hali yake ya sasa. Tofauti ikiwa ndogo, kinanyamaza, na majirani wanaendelea kutumia neno la mwisho. Tofauti ikivuka mpaka uliowekwa, kinasema. Kinachokifungua mdomo ni tukio, wala si saa.

Faida yake ilipimwa kwa hesabu mapema. Mwaka wa 1999, Karl Johan Åström na Bo Bernhardsson, wote wa mji wa Lund nchini Sweden, walilinganisha njia hizo mbili kwenye mfumo rahisi unaosukumwa huku na huku na misukosuko isiyotabirika. Kwa idadi ileile ya ujumbe kwa wastani, njia ya tukio iliacha mtawanyiko wa makosa ambao ni theluthi moja tu ya ule wa njia ya saa. Yaani ukiwa na simu kumi za kupiga kwa siku, ni bora uzipige pale mambo yanapobadilika kuliko kuzigawa sawasawa.

Kuiingiza kanuni hiyo katika mapatano ya kundi kulichukua zaidi ya miaka kumi. Makala inayotajwa sana ni ya mwaka wa 2012, ya Dimos Dimarogonas, Emilio Frazzoli na Karl Henrik Johansson. Ilithibitisha kwamba kundi linaweza kupatana kwa kusema tu pale tukio linapodai. Lakini ilikuwa na tatizo ambalo mtu wa kawaida angeliona haraka: ili kifaa kijue kama wakati wa kusema umefika, kilipaswa kuwa kinaangalia hali ya majirani muda wote. Ni kama kumpigia mtu simu ili kujua kama kuna sababu ya kumpigia simu. Mwaka uliofuata, Georg Seyboth, pamoja na Dimarogonas na Johansson, walirekebisha hilo. Katika kanuni yao kila kifaa kinaangalia hali yake chenyewe tu na neno lake la mwisho, na mpaka wa kusema unapungua kadiri muda unavyopita: mwanzoni, bei zikiwa mbali, tofauti ya franka 20 haistahili simu; baadaye, bei zikikaribiana, hata franka mbili zinastahili.

Hapo ndipo Mgiriki wa zamani anapoingia. Zeno wa Elea, aliyeishi karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema mkimbiaji hodari Akile hatamfikia kobe kamwe, kwa sababu kila anapofika pale kobe alipokuwa, kobe amesogea kidogo. Wahandisi wametumia jina lake kwa ugonjwa wa mashine zao. Mpaka wa kusema ukipungua haraka kupita kiasi, kifaa kinaweza kujikuta kinasema baada ya nusu sekunde, kisha robo, kisha nusu ya robo, na kuendelea hivyo mpaka kiwe na maneno yasiyohesabika ndani ya sekunde moja. Kilichobuniwa kupunguza maneno kinageuka kuwa domo lisilofungika. Sehemu kubwa ya makala za fani hii, kusema kweli, ni kurasa za kuthibitisha kwamba ugonjwa huo hautatokea. Dawa ya kawaida ni kukataza mpaka usishuke chini ya kiwango fulani, ama kulazimisha muda wa kupumzika kati ya neno na neno. Gharama yake ni kwamba, ukiacha kiwango cha chini, mapatano hayatakuwa kamili: wote watakuwa karibu na 2840, lakini si lazima juu yake hasa. Kwa kazi nyingi inatosha.

Umeme wa kartiye

Matumizi yanayoweza kugusa wakaaji wa Kivu mapema ni ya umeme. Vituo vidogo vya jua na maji vimeanza kuonekana katika eneo hili. Mjini Goma, kampuni ya Nuru ilizindua mwaka wa 2020 kituo cha jua cha megawati 1,3 chenye betri. Pale ambapo mitambo kadhaa inalisha kartiye moja bila kuunganishwa na mtandao mkubwa, inapaswa kupatana juu ya mambo mawili: kushika mapigo 50 kwa sekunde ambayo vyombo vya nyumbani vinayategemea, na kugawana mzigo kwa haki. Mtambo mmoja ukibeba kupita nguvu zake, unajizima ili usiungue. Mzigo wake unawaangukia wenzake, nao wanajizima mmoja baada ya mwingine. Kartiye inabaki gizani ingawa jumla ya umeme ilikuwa inatosha.

Njia ya zamani ni kuweka kompyuta moja ya kati inayoamuru yote. Waya wake ukikatika, kila mtambo unabaki peke yake. Njia ya mapatano inauacha kila mtambo uongee na jirani yake na kusogeza kazi yake taratibu mpaka wote wabebe kwa uwiano mmoja. Florian Dörfler, John Simpson-Porco na Francesco Bullo waliiandikia hesabu zake, na majaribio yamefanywa kwenye mitambo halisi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark. Ukiongeza kanuni ya tukio, usiku wa manane mitambo inakaribia kunyamaza kabisa kwa kuwa hakuna kinachobadilika. Saa kumi na mbili jioni, taa zikiwashwa na pasi zikichomekwa, maneno yanaongezeka. Mengi ya hayo bado ni kazi ya maabara. Viwanda huchelewa kuamini kitu ambacho kinaponyamaza ndipo kinadai kuwa kiko sawa.

Mlima unapotikisika

Kuna mahali ambapo kanuni ya tukio ilitolewa maabara ikapelekwa kwenye mlima wa moto. Mnamo Agosti 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao walitandaza vifaa 16 visivyo na waya kwenye volkeno ya Reventador, nchini Ecuador, kwenye mstari wa kilomita 3 hivi, kwa siku 19. Redio za vifaa hivyo zilikuwa dhaifu mno kutuma mitikisiko yote muda wote. Basi kila kifaa kilipima chenyewe: kililinganisha nguvu ya mtikisiko wa sekunde hizi na wastani wa muda mrefu zaidi, na uwiano ukivuka mpaka, kilituma taarifa fupi. Asilimia 30 ya vifaa vilivyo kazini vikitoa taarifa ndani ya sekunde 10, mfumo uliamini kwamba mlima kweli umetikisika, si ng'ombe aliyepita, na kuanza kukusanya rekodi kamili.

Haya hayakuwa mapatano kamili bila shefu, kwa maana kura zilihesabiwa na kituo cha kati. Na ripoti ya kazi hiyo, iliyotolewa mwaka wa 2006, inaonyesha kwamba kituo hicho hicho ndicho kilichokuwa kiungo dhaifu. Vifaa vya mlimani vilidumu vizuri. Umeme wa kituo ulikuwa unakatika, na ulipokatika mtandao wote ulikuwa kama haupo. Lakini kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi. Mpaka ulikuwa umewekwa juu kwa tahadhari, ili mfumo usipige kelele za bure. Haukupiga. Ila matetemeko mengi madogo yalipita bila kurekodiwa.

Kwa wakaaji wa Goma, jambo hilo la mwisho si la kitaalamu tu. Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba ziliteketea katika eneo la Nyiragongo na pembezoni mwa mji, na siku tano baadaye watu wa sehemu kubwa ya kartiye za Goma waliamriwa kuhama, wengi wakikimbilia Sake na ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Vyombo vya habari viliripoti wakati ule kwamba kituo cha kuchunguza volkeno kilikuwa kimekaa miezi kadhaa bila intaneti ya kupokea vipimo kutoka mlimani, kwa kukosa pesa. Watafiti waliochambua vipimo baadaye waliandika kwamba hata hivyo dalili zilizoonekana wazi zilikuja chini ya saa moja kabla ya lava kutoka.

Je, vifaa vinavyosema kwa tukio vingesaidia? Vingepunguza gharama ya intaneti, bila shaka, na mtandao wa bei nafuu una nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai siku ya balaa. Lakini wachunguzi wa volkeno wanahitaji pia mambo ya polepole: ardhi inayovimba kwa milimita, mngurumo ulioanza kubadilika bila kuvuka mpaka wowote. Kanuni ya tukio, kwa umbile lake, inatupa habari ndogo. Mtu fulani, mbele ya kompyuta, ndiye anayeandika ile namba inayoamua kwamba badiliko hili ni dogo mno kusemwa. Katika makala za hesabu namba hiyo ni herufi moja ya Kigiriki. Kwa watu walio chini ya mlima ni swali la nani anayeichagua na kama aliwahi kuwauliza.

Kimya kina maana mbili

Tatizo la pili liko kwenye kimya chenyewe. Katika mfumo wa saa, kifaa kilichoacha kuongea kinajulikana mara moja kwamba kimekufa. Katika mfumo wa tukio, kimya ni habari njema: hakuna kilichobadilika. Basi jirani atajuaje kama kifaa kimetulia ama kimeibiwa betri? Kambiste ambaye simu ya mwenzake imezimika ataendelea kubadilisha kwa bei ya asubuhi, akidhani hakuna jipya, na jioni atahesabu hasara.

Dawa moja ni ile ambayo kila mtu mwenye simu isiyo na unite anaijua: bipu. Hata kama hakuna jipya, kifaa kinatoa alama fupi kila baada ya muda mrefu, isiyobeba habari yoyote isipokuwa "niko hai". Inakula kidogo sana. Dawa nyingine ni kifaa kutangaza mapema, kila kinaposema, ni lini kitasema tena; saa hiyo ikipita bila neno, majirani wanajua kuna shida. Njia hii ya pili inakiachia kifaa nafasi ya kuzima redio yake kabisa na kulala mpaka saa ya miadi, ingawa kinapaswa kukisia mapema namna hali itakavyokwenda, na makisio ya tahadhari yanarudisha sehemu ya maneno yaliyookolewa.

Kubaki kunakuwa na mtu anayezuia mawasiliano makusudi, kwa kujaza hewa makelele ya redio. Mfumo unaosema mara chache unaumia zaidi hapo, kwa sababu neno moja lililopotea huenda ndilo lilikuwa neno pekee la saa hiyo. Claudio De Persis wa Groningen, Uholanzi, na Pietro Tesi walilishughulikia swali hilo kuanzia mwaka wa 2015, na mwaka wa 2018, pamoja na Danial Senejohnny, wakatoa kanuni ya mapatano kwa ajili ya makundi yanayozibwa midomo. Kifaa kinachoshindwa kumpata jirani hakisubiri zamu yake ya kawaida; kinabaki mahali pake na kujaribu tena mapema, mara kwa mara, mpaka njia ifunguke. Mapatano yanachelewa kwa kadiri ya muda uliozibwa, lakini yanafika, mradi hakuna njia inayozibwa moja kwa moja bila kupata nafasi ya kupumua.